Dakika Kumi na Moja za Mwalimu Ishengoma

Mwalimu Revocatus Ishengoma alikuwa na tabia moja iliyomuudhi mkewe kwa miaka thelathini na mbili, nayo ilikuwa tabia ya kufuta. Alipokuwa akifundisha alifuta ubao kila kipindi kilipokwisha, hata kama kipindi kinachofuata ni chake yeye mwenyewe na somo ni lile lile. Nyumbani alifuta meza wageni wakiwa bado wanakunywa chai. Na sasa, amestaafu, amepasuliwa koo na kutolewa sauti pamoja na uvimbe, amebakiwa na tundu dogo shingoni la kupumulia, alikuwa akifuta hata maneno yake. Maana siku hizi Mwalimu aliongea kwa laptopu.

Asubuhi mkewe, Sabina, alimwegemeza kwenye mito kando ya dirisha la nyumba yao ya Nyegezi, akamwekea sinia mapajani na juu ya sinia laptopu. Mkono wake wa kulia ulilegea tangu kiharusi cha mwaka juzi. Wa kushoto haukuwahi kushika kalamu tangu azaliwe. Ukiupa kalamu unachora mambo ya ajabu tu. Lakini kidole cha shahada cha mkono huo kilijua kubonyeza. Kilibonyeza herufi moja moja, kubwa, kila moja kama punje ya mahindi, na Sabina akasoma akiwa kwenye kigoda. Akishajibiwa, Mwalimu anafuta yote. Ukurasa unarudi mweupe, kipindi kimekwisha.

"Sasa unafuta ya nini?" Sabina aliwahi kumuuliza.

"Watu wakiongea, maneno yao hubaki wapi?" aliandika Mwalimu. Akafuta na hilo.

Ungetegemea mtu wa hali ile aseme mazito. Wapi! Alisema chumvi imezidi. Aliuliza nani kafunga bao. Aliuliza jirani anapika nini mbona harufu inafika huku, na kwa nini yeye anapewa uji. Sabina alikuwa fundi cherehani, mwenyeji wa Magu, mwanamke wa maneno machache na mkono mwepesi, na alipika uji ule kwa mapenzi yote. Alikuwa akinuna kidogo, kisha anacheka, kwa sababu mume anayelalamikia uji ni mume aliyepo.

Tatizo lilikuwa betri. Laptopu yenyewe ilikuwa zawadi ya kuagwa, walimu wenzake walichangishana, na hata siku wanamkabidhi haikuwa mpya. Ikiwa kwenye chaja ilifanya kazi vizuri tu. Umeme ukikatika, na pale Nyegezi msimu ule ulikatika bila kuaga, Mwalimu alibakiwa na dakika kumi na moja. Sabina alizipima kwa saa ya ukutani si mara moja. Dakika kumi na moja, halafu kioo kinazima katikati ya neno, na kidole cha Mwalimu kinabaki juu, kimenyooka, hakina pa kutua. Sabina alikuwa amezoea tundu la shingoni, amezoea kulisafisha, amezoea mluzi wake. Kidole kile hakukizoea. Kila kilipobaki juu aliona aibu, kana kwamba ni yeye aliyemnyamazisha mumewe.

Mwezi mmoja kabla ya mambo haya, siku ambayo umeme ulikuwepo tangu asubuhi hadi alasiri, Mwalimu aliandika maneno mengi kuliko siku zote. Aliandika juu ya Usagara. Huko njia panda ya Usagara walikuwa na kiwanja chao, mawe matupu na udongo wa kubana jembe, na Mwalimu, Mhaya asiyesikia la mtu, alipanda humo migomba. Sabina alimcheka. Msukuma gani hajui kwamba pale mgomba hautoki? Migomba mitatu ilitoka, imedumaa, mifupi kama watoto wa darasa la kwanza, na Mwalimu aliipenda kuliko mashamba yote ya kwao Muleba.

"Nikizikwe pale," aliandika, akarudi nyuma kusahihisha, maana hata katika hali ile hakuvumilia kosa. "Nizikwe pale. Usagara. Na wewe siku yako uje hapo hapo. Muleba ni kwa mdogo wangu Deodatus sasa. Utakuwa mgeni kwenye kaburi langu, utabisha hodi. Sitaki ubishe hodi."

Hawakujaliwa mtoto. Sabina alisoma mara mbili, akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Waambie basi ndugu zako," alisema. "Nikisema mimi hawatanisikia."

"Nitawaambia mwenyewe. Uso kwa uso."

Akafuta.

Alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Katika ukoo wa akina Ishengoma, mtu akielekea mwisho, wazee huja kukaa naye mchana, mlango wazi, na mmoja wao humuuliza mara tatu: tukurudishe nyumbani? Nyumbani ni kibanjani, kwenye migomba alikolala baba na babu. Kwa kawaida mgonjwa huitikia, au hunyamaza, na kunyamaza ni kuitikia. Lakini akikataa mwenyewe, kwa neno lake, mbele yao, huwa wanaheshimu, na wako watu wa ukoo ule waliolala mbali kwa sababu walikataa. Karatasi haitakiwi. Neno la mke nalo halitakiwi, si kwa ubaya. Wanasema hawezi kuwa shahidi wa jambo linalomgusa. Kwa hiyo Mwalimu alitakiwa aseme, na ili aseme alihitaji laptopu iwake mwanzo hadi mwisho.

Daktari alikwisha mwita Sabina pembeni. Alimwambia, kwa upole wa mtu aliyezoea kusema jambo hilo, kwamba ugonjwa umerudi na sasa tunahesabu wiki. Sabina alimpigia simu Deodatus, mdogo wake Mwalimu. Deodatus alilia kwenye simu, akasema Jumamosi atakuja na Mzee Kaijage, baba yao mdogo. Watapita daraja jipya la Busisi. Saa nne asubuhi watakuwa wamefika.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumanne asubuhi, akimwekea mumewe laptopu, Sabina aliona kibodi imeumuka katikati kama andazi.

Aliifunga kwenye kitenge, akamwomba jirani amtazamie mgonjwa, akaenda mjini, Makoroboi, kwa Odeta.

Odeta alikuwa fundi wa kompyuta, mwanamke wa miaka kama thelathini na tano, miwani kichwani, kibanda chake kimejaa mashine zilizofunguliwa matumbo. Aliigeuza laptopu, akaipapasa chini, akatoa mkono haraka.

"Mama, hii mnaiweka wapi mkiitumia?"

"Mapajani kwa mgonjwa."

"Hapana, mama. Hapana kabisa. Betri imevimba. Hii inaweza kuwaka moto."

"Si uitoe tu, aitumie na umeme?"

"Aina hii haiwaki bila betri. Wenyewe waliitengeneza hivyo, sijui kwa nini." Odeta alishusha miwani machoni. "Ninaagiza Dar. Leo wakinifungia, inapanda basi kesho, Ijumaa iko hapa. Lakini mashine uniachie, nipime kiungio chake. Betri za hizi zinafanana kwa sura, ukiagiza kwa macho unaletewa isiyoingia. Na kibodi imepinda, inataka kunyooshwa. Uniachie siku tatu."

"Siku tatu," alisema Sabina.

"Siku tatu tu, mama. Utapata betri ya masaa manne. Mzee ataongea mpaka achoke."

Sabina alisimama pale na kitenge mkononi. Kwa wengine ni jambo dogo, unaacha mashine unaenda zako, utaangalia taarifa ya habari kwenye simu. Yeye alikuwa akiulizwa kama yuko radhi mumewe awe bubu Jumatano, Alhamisi na Ijumaa, ili Jumamosi asikatizwe. Na asipokubali, aendelee kuweka kitu cha kulipuka mapajani mwa mtu asiyeweza kukitupa. Alitamani kuwe na mtu mwingine wa kuamua. Hakuwepo.

"Ngoja nikamuulize mwenyewe," alisema, akairudisha laptopu nyumbani akiwa ameipakata kama mtu aliyebeba mayai.

Akaiweka juu ya kigoda safari hii, mbali na mapaja, na Mwalimu akajinyoosha kuifikia. Alisikiliza habari yote ya Odeta. Kidole kikazunguka hewani kidogo kabla ya kutua.

"Siku tatu nitakuwa nani?"

"Utakuwa Mwalimu. Utagonga. Chukua rula yako, gonga mara moja ndiyo, mara mbili hapana."

"Kama mtihani wa kweli si kweli. Sikuwahi kuupenda. Wajinga hubahatisha."

"Mwalimu, sitanii. Jumamosi wanakuja. Umeme ukikatika watakupata na dakika kumi na moja, na wewe herufi moja unaitafuta kama sindano. Nifanye nini?"

Sabina alingoja kama alivyongoja miaka yote, maana katika nyumba ile mambo makubwa alisema Mwalimu na madogo alifanya yeye.

"Amua wewe," aliandika.

Akafuta.

Sabina alikasirika. Alikwenda jikoni akaosha sufuria iliyokwisha oshwa. Miaka thelathini na mbili hukuniuliza tununue wapi, tujenge wapi, tupande nini, leo ndiyo unaniachia niamue! Halafu hasira ikamwisha, akabaki na woga mtupu. Jumatano asubuhi umeme ulikatika Mwalimu akiwa katika kusema kwamba amelala vibaya, na kioo kikazima hata kabla ya dakika ya tano. Dakika kumi na moja zilikuwa zimekuwa nne. Hilo ndilo lililomkatia shauri. Dakika nne mtu hawezi hata kusalimiana na baba yake mdogo.

Aliifunga tena kwenye kitenge. Mlangoni aligeuka. Mwalimu alikuwa ameshika rula yake ya mbao, ile ya shule. Akagonga ubao wa kitanda mara moja.

Ndiyo, alisema Sabina moyoni, amesema ndiyo. Akaondoka na nafuu kubwa. Baadaye alikuja kujiuliza kama ile ilikuwa ndiyo, au kwaheri, au mkono umeteleza tu.

Jumatano ilipita vizuri kuliko walivyodhani. Uji una chumvi? Mbili. Nikufungulie redio? Moja. Umechoka? Mbili, kwa nguvu, kwa kiburi. Walicheka, yeye kwa sauti na Mwalimu kwa mluzi wa shingoni.

Alhamisi mchana Mwalimu alitaka kusema jambo lisilokuwa ndiyo wala hapana.

Alianza kwa kugonga ovyo. Sabina akauliza yote aliyoweza kufikiri. Maumivu? Dawa? Kujisaidia? Dirisha? Padri? Mbili, mbili, mbili. Mwalimu aliitupa rula juu ya shuka, akanyoosha kidole, akaanza kubonyeza blanketi. Kidole kilikwenda juu kushoto, kikashuka katikati, kikarudi, kikaruka kulia. Alikuwa akiandika. Alikuwa akiandika sentensi nzima kwenye blanketi kama anavyoandika siku zote, bila haraka, na alipofika mwisho akamtazama mkewe akingojea jibu.

Sabina hakujua hata herufi moja inakaa wapi. Miezi saba alikaa mbele ya mashine ile akitazama kioo, kioo tu, ambako maneno hutokea. Kidole hakukitazama. Kilichomtia uchungu wa kutaka kupiga kelele ni kwamba maneno yalikuwa pale, yamesemwa yote, chini ya macho yake.

"Rudia," alisema. "Rudia polepole, Mwalimu wangu."

Akarudia. Ilikuwa vile vile.

Akakimbia jikoni, akapasua boksi la sabuni, akachukua kalamu nene ya kuwekea alama vitambaa, akakaa chini sakafuni kuandika herufi. Na mkono wake, uliojifunza kuandika Magu kwenye darasa la watoto tisini, ukaandika ulivyofundishwa: a, e, i, o, u. Ba, be, bi, bo, bu. Cha, che, chi, cho, chu. Akajaza boksi lote mpaka za, ze, zi, zo, zu, jasho likimtoka, akalipeleka kitandani kama mtoto anayepeleka daftari kusahihishwa.

Mwalimu alilisoma boksi kutoka juu hadi chini. Mabega yakaanza kutikisika. Sabina alidhani ni maumivu, kumbe ni kicheko. Yule mtu alikuwa akicheka, na machozi yanamtoka hapo hapo, na mluzi unakata na kurudi. Alijaribu. Kidole kilikwenda kilikozoea, kikakuta silabi isiyotakiwa, kikatanga huku na huku. Nusu ya maneno ya mtu haitaki kukatwa hivyo. Alipotafuta la tatu, mkono ulikuwa unatetemeka na pumzi imekuwa fupi. Akaushusha. Kisha akaunyanyua mara moja ya mwisho, akagusa ba, akateremka polepole mpaka si.

"Basi?" aliuliza Sabina.

Aligonga kwa kidole mara moja.

"Basi tuliache mpaka mashine irudi?"

Mwalimu alikuwa amefumba macho.

Ijumaa homa ilipanda. Muuguzi wa mtaani alikuja akatundika dripu, akasema tuombe Mungu. Sabina alimpigia Odeta asubuhi, akampigia saa sita, akampigia saa kumi. Basi lililobeba betri lilikuwa limeharibika njiani, Singida. Odeta aliomba radhi mpaka Sabina akawa ndiye anayembembeleza. "Si kosa lako, mwanangu." Na kweli halikuwa kosa lake. Halikuwa kosa la mtu yeyote, na hapo ndipo palipomchosha Sabina. Hakuwa na hata wa kumgombeza. Alikaa kitandani ameshika rula, akiuliza maswali na kuiweka rula mkononi mwa mumewe, nayo inaanguka.

Jumamosi saa nne Deodatus na Mzee Kaijage walifika. Deodatus alikuwa amebeba mkungu wa ndizi begani na senene, panzi wa kwao wa kukaanga, kwenye chupa ya plastiki, vitu ambavyo kaka yake alivipenda na asingeweza kuvimeza. Alipomwona alivyokuwa aliviweka chini akageukia ukuta. Si mtu mbaya, Deodatus. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa mbaya.

"Shikamoo, baba," Sabina alimsalimu Mzee Kaijage, akipiga magoti.

"Marahaba, mwanangu. Pole. Pole sana kwa kuuguza." Mzee alikaa kwenye kigoda, akaweka fimbo yake katikati ya magoti. "Deodatus ameniambia anaongea kwa mashine. Iko wapi?"

"Inakuja, baba. Iko kwa fundi."

"Tutangoja. Hatukuja kwa haraka."

Saa tano na nusu pikipiki ilisimama nje. Odeta aliileta mwenyewe, ameikumbatia kifuani, vumbi limemjaa usoni. Aliiweka juu ya sinia, sinia juu ya mapaja ya Mwalimu, akaifungua. Kibodi ilikuwa imenyooka. Alichomeka chaja, akabonyeza, kioo kikawaka, ukurasa mweupe, kamstari kanapepesa kakingoja. "Nimeijaza mpaka juu, mama," alimnong'oneza Sabina. "Masaa manne." Akasogea mlangoni, asiondoke, kwa sababu alitaka aone mzee akiongea. Alikuwa ameifanyia kazi usiku na mchana.

Sabina aliushika mkono wa kushoto wa mumewe, akaukunjua, akakiweka kidole juu ya vitufe. Mwalimu alifumbua macho. Aliwaona. Sabina ataapa mpaka siku yake kwamba aliwaona wote.

"Mwalimu, baba mdogo amekuja," alisema. "Mashine yako hii hapa. Sema."

Mzee Kaijage alivua kofia.

"Revocatus, mwanetu," alisema, kwa Kiswahili, ili mke naye asikie. "Tumekuja kukuona. Tukurudishe nyumbani?"

Kidole kilitikisika. Sabina aliinamia kioo. Kidole kilijikokota kulia, kulia zaidi, kikavuka herufi zote, kikaangukia kitufe kile cha kushusha mstari, kikabaki hapo. Hakikuwa na nguvu ya kujiinua. Kamstari kakaanza kushuka. Ukurasa ukaisha, ukaja mwingine mweupe, nao ukapita, ukaja mwingine.

"Anaandika?" aliuliza Deodatus.

Sabina alikiinua kidole, akakirudisha katikati ya herufi. Kikateleza tena kule kule.

"Revocatus. Tukurudishe nyumbani?"

Hapo feni ikapunguza mwendo, ikasimama. Redio ya jirani ikakata. Umeme ulikuwa umekwenda. Kwa mazoea ya miezi saba Sabina aligeuza macho kwenye saa ya ukutani. Lakini kioo hakikutetereka. Kiliendelea kuwaka kwa mwanga wake mzuri, na kurasa nyeupe zikaendelea kupanda, ya nane, ya tisa, ya kumi na mbili. Mlangoni Odeta alitabasamu kidogo, tabasamu la fundi, kisha akaona uso wa Sabina akaacha.

"Revocatus, mwana wa kaka yangu. Mara ya tatu. Tukurudishe nyumbani?"

Mzee alingoja. Alingoja kwa haki, hilo lazima lisemwe. Alingoja mpaka chai aliyowekewa ikapoa, amekazia macho kioo kama mtu anayesubiri kuona mtu anatokea barabarani. Kurasa zilifika arobaini na moja, hakuna alama hata moja. Mwalimu alikuwa amefumba macho tena.

Mzee Kaijage alivaa kofia yake.

"Alisema Usagara," alisema Sabina.

Sauti ilimtoka ndogo kuliko alivyokusudia. Deodatus alimgeukia, macho mekundu.

"Lini, shemeji?"

"Mwezi uliopita. Aliandika hapo hapo. Alisema azikwe Usagara, kwenye migomba yake."

"Tuonyeshe, basi. Nani anakataa?"

"Alifuta."

Deodatus aliinamisha kichwa. Alimjua kaka yake; alifundishwa naye darasa la sita, aliujua ubao ule. "Nani mwingine aliyasoma?" aliuliza taratibu.

Sabina alimtazama Odeta mlangoni, na Odeta alitazama chini. Yeye alijua tu mambo ya mashine.

"Mwanangu," alisema Mzee Kaijage, na hakukuwa na ukali katika sauti yake hata chembe, "kama mashine ingezima, tungesema imemkatiza. Nilikuja tayari kwa hilo, Deodatus aliniambia huwa inazima. Tungelala hapa, tungengoja, hata mpaka mwezi uishe, na kama asingesema tena tungekaa tukalijadili na wewe, maana mtu aliyekatizwa bado ana neno lake. Lakini umeme umekatika na mashine inawaka. Tumemuuliza mara tatu. Hajakataa."

"Hajiwezi, baba!"

"Hajakataa, mwanangu. Tumesikia."

Akanyanyuka kwa fimbo yake, akatoka nje kupiga simu Muleba waanze kusafisha mahali. Deodatus alimfuata. Alipompita shemeji yake alimgusa bega, na alikuwa akilia kwa kweli.

Sabina alikitoa kidole cha mumewe kwenye kitufe, akakifunika na shuka. Mluzi wa shingoni uliendelea, mdogo, wa mbali. Kwenye kona ya kioo betri ilionyesha asilimia tisini na sita.

Odeta alikuja taratibu, akachuchumaa kando yake. "Nizime, mama?"

Sabina alimgeukia.

"Ile ya zamani," alisema. "Umeitupa?"

"Ile betri? Iko dukani, nimeiweka kwenye ndoo ya mchanga. Ilikuwa imevimba sana, mama, ni hatari kukaa nayo."

"Kaichukue," alisema Sabina. "Kaichukue uirudishe, ili izime, kabla wazee hawajaingia ndani."

Odeta alimshika mkono, na nje walisikia Mzee Kaijage akiongea Kihaya kwenye simu kwa sauti kubwa, akielekeza shimo lichimbwe upande gani wa kaburi la baba yake Mwalimu.